Mashine Yako na Kitambaa cha Mama Yako

Lusekelo mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, umechukua baiskeli yangu bila hata kuuliza kama breki zinashika, umekwenda Kalenga kumuaga bibi yako. Hali yangu utaijua ukisoma. Niko karakana, hapa nyuma ya duka la fundi cherehani, nimekalia kigoda chako, na amplifaya yako, hiyo mashine ya kukuza sauti, iko mezani mbele yangu inawaka.

Ndiyo, nimeiwasha. Tena nimeifungua na kutia bisibisi.

Usiruke kwanza. Kaa chini usome. Mimi ni baba yako na nina ruhusa ya kuudhi mara moja kabla hujaondoka.

Kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya. Habari za sweta, za kulifunga sanduku kwa kamba, za kutokula vitu vya barabarani, hizo mama yako atakuimbia mpaka dereva apige honi. Mimi simo. Mimi nina jambo moja, nalo nimelikalia tangu ukiwa na meno ya maziwa yanayong'oka. Nilidhani nitazeeka nalo. Leo mashine yako imenitoa jasho, basi naliandika.

Bwana Jivan amesema wazi kwenye barua yake. Jumamosi ijayo mashine uliyoitengeneza kwa mikono yako itapelekwa Chunya, kwenye kufungua kanisa jipya, na itasemewa kutwa nzima mbele ya watu. Ikiimaliza siku, meza ya ufundi dukani kwake Mbeya ni yako. Ikizima, unarudi Iringa kunisaidia kubadili betri za redio za watu. Mjomba wako Asegelile, ndugu wa mama yako, ni mzee wa kanisa hilo. Ukoo mzima wa mama yako utakuwa umekaa mbele pale, mabenchi ya kwanza. Kwa hiyo unaona mwenyewe kwa nini jana usingizi ulipaa.

Jana jioni nilikusikia ukiijaribu. Sauti safi, sikatai. Lakini niliiona nyembamba. Nikasema moyoni, mtoto huyu ni mwoga, ameibana mashine.

Wewe unajua ninachosema, lakini acha niseme kwa maneno yangu, maana hapo ndipo tulipogombana wiki nzima. Zile taa mbili kubwa za kioo ndani ya mashine, zinazoikuza sauti, hazilali. Hata kama hakuna anayesema kwenye maikrofoni, kuna umeme unaopita ndani yake, nao ndio unaoziweka macho. Ukiupunguza mno, mtu akinong'ona sauti inakwaruza. Ukiuzidisha, sauti inanenepa, inakuwa tamu kama maziwa ya kwanza, ila taa zinakula joto mpaka zinajila zenyewe. Kinachoamua ni skrubu moja ndogo, robo mzunguko tu. Wewe uliiacha mita ikisoma thelathini na tano. Mimi leo saa nne, ulipokata kona ya Mlandege tu, nikaizungusha mpaka hamsini.

Loo, ikaimba! Nilitia santuri, fundi cherehani akaacha mashine yake akaja kusimama mlangoni. Akasema, "Baba Lusekelo, hiyo ndiyo sauti." Nikavimba. Nikasema nitakwambia ukirudi, au pengine nisikwambie kabisa, uende nayo hivyo hivyo, ukasifiwe Chunya, na mimi nijue peke yangu kwamba ni mkono wangu.

Nimeiangalia mita sasa hivi. Inasoma hamsini na nne. Sijaigusa. Imepanda yenyewe.

Na ndipo nilipochukua kalamu, kwa sababu mimi mchezo huu nimewahi kuuona.

Nilirudi kutoka vitani nikiwa najua redio, na kujua kwenyewe kulikuwa kama kileo. Jeshini walinifundisha kulehemu, kusoma mita, kutafuta hitilafu gizani kwa vidole. Bwana Jivan akanichukua dukani kwake Mbeya. Nilipita barabarani nimechomeka bisibisi mfukoni ili kila mtu aione. Wewe tulikuacha Kalenga kwa bibi yako, ulikuwa unaanza shule. Nikamjengea Bwana Jivan amplifaya ya kwanza, kwa taa za jeshi na transfoma kutoka kwenye redio iliyokufa, na kazi yake ya kwanza ikawa Chunya, harusi ya huyo huyo mjomba wako Asegelile, aliyekuwa anafanya kazi mgodini.

Niliipima siku ya safari asubuhi. Mbeya, mwezi wa Juni. Wewe utauonja wiki hii: maji ya kunawa yanauma mifupa ya vidole, ukisema pumzi inaonekana. Chumba baridi, mashine baridi, nimeiwasha dakika tano tu. Mita ilikuwa sawa kabisa. Fundi mwenye adabu angengoja saa moja, ipate moto, apime tena. Mimi nilisema kungoja ni kwa wanaojifunza. Nikaona sauti si ya kutosha kwa harusi ya shemeji yangu, nikazungusha skrubu. Halafu nikaongeza kidogo, nyongeza ya urafiki.

Tukapanda lori kwenda Chunya. Tulifika wekundu kwa vumbi, tumevua makoti, tunatafuta kivuli. Ukumbi ulikuwa wa bati, watu wamejaa mpaka madirishani. Umeme ulitoka kwenye injini ya mgodi. Nikaunganisha nyaya, nikasema moja mbili tatu, watoto wakapiga kelele za furaha. Nilijiona mimi ndiye bwana harusi.

Sasa mama yako. Alikuwa amefuma kitambaa kwa miezi, nyuzi nyeupe, maua mekundu pembeni, kwa ajili ya meza ya maharusi. Unajua watu wetu: kitu cha heshima hakiachwi uchi. Kiti kina kitambaa, sahani ya mgeni ina kitambaa, redio ndiyo usiseme. Alipoona kaka yake anasifiwa kwa kuleta mashine ya ajabu, akakitoa kitambaa mezani, akaja nacho taratibu mbele za watu, akaifunika mashine yangu. Nilimwona. Andika hilo kichwani mwako, Lusekelo: nilimwona kwa macho yangu, nikapendezwa. Nikakinyoosha mimi mwenyewe upande mmoja.

Babu yako mzaa mama alikuwa ametoka Tukuyu kwa lori. Alikuwa mzee wa kusema polepole, na alikuwa amelala na maneno ya kuwabariki watoto wake. Akapewa maikrofoni. Akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akanyamaza kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, na mashine ikaanza kuunguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Ikapiga mluzi. Ikatoa moshi chini ya maua ya mama yako. Nilipokinyanyua kitambaa, bati ndani ya zile taa lilikuwa jekundu kama jiko la mkaa, na transfoma ilikuwa inavuja lami mezani. Hatukusikia neno la pili la yule mzee. Alirudisha maikrofoni kwa mikono miwili akakaa.

Bwana Jivan aliniuliza tuliporudi. Hakupandisha sauti. "Fundi, kitu gani imeunguza mashine?"

Nikasema, "Kitambaa, bwana. Wanawake waliifunika."

Ndiyo basi. Maneno machache, na wala hayakuwa uongo mtupu, maana kitambaa kilikuwepo. Nikabaki na kazi yangu. Bwana Jivan akawa anamwambia kila mteja asifunike, na kila mara akisema hivyo mimi nilikuwa nainama natafuta kitu chini ya meza.

Lakini habari ile haikuishia dukani. Ilirudi Chunya. Shangazi zake mama yako wakampa jina, Mama Kitambaa. "Mama Kitambaa amekuja, ficheni taa!" Walikuwa wakicheka, na yeye akicheka nao, halafu akaacha kwenda. Tulipohamia huku Iringa nilidhani imekwisha. Wewe umekua ukiuliza kwa nini redio yetu iko uchi wakati redio ya kila nyumba ya Mlandege imevalishwa. Umeuliza kwa nini mama yako anafuma sweta na soksi, lakini kitambaa hafumi hata umpe nyuzi za bure. Mara zote nilikujibu, "Mama yako ana mambo yake." Aibu naiona leo ninapoyaandika hayo maneno.

Ngoja niangalie mita.

Hamsini na tisa, na bado inapanda. Nimefunga dirisha na mlango pawe giza nione vizuri. Ndani ya taa ya kushoto kuna wekundu umeanza, mdogo, kama ukucha. Nimeizima. 

Nilipokuwa nangoja ipoe nikatafuta penseli kwenye droo yako, nikakuta daftari la jalada la bluu. Nimelisoma. Umekasirika tena? Haya, kasirika, lakini leo ni siku ya kusamehe kwa jumla.

Umeandika kila robo saa! Dakika tano, thelathini na tano. Nusu saa, thelathini na saba. Saa moja, thelathini na nane. Saa mbili, thelathini na nane, na pembeni umeandika "imetulia." Kumbe wakati mimi nakucheka kwamba yale matundu uliyotoboa kwenye bati ni kichujio cha chai, wewe ulikuwa unapima joto kwa kuyaziba na kuyafungua. Kumbe uliziweka zile taa mbali mbali ili zisiunguzane. Mimi nilisema umepoteza nafasi. Kumbe ulinong'ona kwenye maikrofoni kuona kama inakwaruza, na umeandika "haikwaruzi." Sauti haikuwa nyembamba. Masikio yangu ndiyo yaliyozoea unene wa mashine zinazokaribia kuungua.

Halafu nikafungua ukurasa wa mwisho. Umeandika: "Nimeifunika kwa blanketi makusudi, saa nzima. Arobaini na moja. Imekaa hapo. Nimefanya hivi kwa sababu watu watafunika tu."

Mwanangu, nimeusoma mstari huo mara tatu. Watu watafunika tu. Ulikuwa hujui habari ya Chunya, hakuna aliyekwambia. Umewaangalia tu watu unaoishi nao, ukaona wanavyoheshimu vitu vyao, ukaijenga mashine iwavumilie. Mimi miaka yote hii nimekuwa fundi anayesema watu wamekosa kwa kuwa watu. Ile mashine yangu ingeungua hata bila kitambaa. Pengine ingemwachia mzee amalize kubariki kwanza, pengine isingemwachia. Iliungua asubuhi ile Mbeya, niliposhindwa kungoja saa moja. Kitambaa kilifika baadaye.

Nilikuwa bado nimeshika daftari mama yako alipoingia na chakula.

Nikamwambia, "Mama Lusekelo, kaa."

"Nimeacha mboga jikoni."

"Kaa, nakuomba."

Akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja habari ya msiba. Nikamwambia yote. Skrubu, baridi ya Mbeya, kukinyoosha kitambaa kwa mkono wangu, nilichomjibu Bwana Jivan. Sikupamba. Alinisikiliza akiitazama mashine yako, si mimi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema.

"Ndiyo."

"Na walipokuwa wananiita Mama Kitambaa ulikuwepo. Ulikuwa unacheka."

"Nilicheka kidogo."

"Ulicheka sana, baba Lusekelo! Ulicheka mpaka ukashika mbavu!"

Nikasema, "Nimekukosea, mke wangu. Nimekukosea mbele ya ndugu zako." 

Alisimama, akachukua bakuli la ugali na bakuli la maharage, akavirudisha kwenye kikapu. "Chakula utakwenda kula kwa huyo Jivan wako," akasema, akatoka. Fundi cherehani alinipa nusu ya muhogo wake bila kuuliza, maana ukuta wetu ni mwembamba.

Nimeirudisha skrubu pale ulipoiacha wewe, nikaiwasha tena, nikangoja. Nilingoja saa mbili kamili kwa saa ya ukutani, mimi niliyesema kungoja ni kwa wanaojifunza. Thelathini na tano. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Imetulia. Nikaweka kiganja juu ya bati: joto la ng'ombe mzima, si la mgonjwa. Nimefungua daftari lako, nimeandika kipimo changu chini ya chako, na nimetia sahihi ili ijulikane nani alikuwa sahihi.

Sasa nisikilize. Ndani ya kasha la taa za akiba utakuta bahasha mbili. Moja ni hii unayoisoma. Nyingine ni ya Bwana Jivan. Nimemwandikia ukweli wa ile mashine ya kwanza, kwa jina langu, bila kumtaja mwanamke yeyote isipokuwa kuomba radhi. Mpe mkononi kabla hajaiona mashine yako. Najua hatari yake. Anaweza kusema mtoto wa mwongo hamtaki dukani, na Chunya usiende kabisa. Nimelipima hilo kuliko nilivyowahi kupima taa. Ningeweza kuipeleka baada ya Jumamosi, wakati meza imekwisha kuwa yako. Lakini hapo ningekuwa nimerudia lile lile, kuwasha kwanza na kusema baadaye. Na kusema kweli siogopi sana. Bwana Jivan ni mtu wa kusikiliza mashine. Akiuliza, mwonyeshe daftari, mwache aiwashe mwenyewe, aweke na kiti akae saa mbili. Mashine hii inaweza kukaa na mtu yeyote.

Sitakuambia usikosee. Utakosea, una damu yangu. Utachoka, utapima mara moja badala ya mbili, kitu cha mtu kitatoa moshi. Siku hiyo, kabla hujanawa mikono, sema ni wewe. Mimi sikusema siku ile, na nimeona jambo la kusema kwa pumzi moja likigeuka jambo la kubeba mpaka nywele kuwa mvi. Halikunipunguzia ufundi, ila lilimpunguza mama yako mbele ya ndugu zake. Hilo ndilo linaloniuma, na limeniuma hasa leo, nilipomwona amekaa ukingoni mwa kiti.

Amerudi, lakini. Nilipokuwa naandika hapo juu, mlango ukafunguliwa. Nikasema pengine ameleta maharage. Akasema, "Sikukujia wewe. Nimekuja kwa mashine ya mwanangu." Akafungua khanga, akatoa kitambaa.

Ni kile kile, Lusekelo. Nyuzi nyeupe zimekuwa za manjano, na katikati kuna doa la kahawia la transfoma yangu. Nilidhani alikitupa Chunya. Amekuwa nacho chini ya sanduku la nguo muda wote huu, wala sikuwahi kukiona. Amekifua.

Akaniuliza, "Hii ya Lusekelo inastahimili kufunikwa?"

Nikamwonyesha mstari wako. Hasomi haraka, alifuatisha kwa kidole. Alipofika "watu watafunika tu," alikirudisha kidole akasoma tena. Kisha akafuta uso kwa pembe ya khanga akasema, "Basi mwambie akifika Chunya akiweke juu ya mashine yake. Mbele ya Asegelile, mbele ya shangazi zangu wote walio hai. Kutoka wimbo wa kwanza mpaka mahubiri yaishe."

Nikasema, "Saa nzima, mama Lusekelo, si zaidi. Ndivyo alivyopima."

"Hiyo saa inatosha," akasema. "Wao waangalie tu."

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, nayo si ya Bwana Jivan. Kitambaa nimekikunja juu ya taa za akiba. Siku hiyo iwashe mapema kabla watu hawajaja, uiache ipate moto, upime, ndipo ufunike. Doa lielekee watu, usilifiche. Shangazi wakianza kunong'ona, waache wanong'one. Mpe mjomba wako maikrofoni, aseme yote babu yako aliyokuwa amelala nayo, kama anayakumbuka. Saa ikiisha, kikunje polepole, uwape shangazi wakishike wenyewe, waone hakijaungua hata uzi mmoja zaidi ya pale nilipokiunguza mimi. Useme hivyo hivyo: pale alipokiunguza baba.

Naisikia kengele ya baiskeli nje, breki hazishiki kama nilivyojua. Mama yako amekaa hapa karibu yangu, hajaniangalia bado, ila kikapu amekifungua na maharage yako mezani.

Kabla hujaiwasha Chunya, angalia ndani ya mashine mara ya pili usije ukasahau barua hii juu ya taa zake. Itoe. Nimefunika vya kutosha.

Baba yako